Ziwa la Ukutani

Siku ya kwenda kukata bima, Bi Penseli alivaa vile viatu anavyovitunza kwa ajili ya harusi za watu, na mumewe, Mzee Tabasamu, akafunga tai. Hakuna aliyewaambia wavae hivyo. Lakini hawa walikuwa watu wa studio ya picha, na kwao ofisi yoyote yenye kiti cha mgeni na mtu wa kukutazama usoni ilikuwa mahali pa kujiweka sawa. Walipita mtaa mzima wakiwa wamenyooka, na kila aliyewasalimu na kuwauliza waendako alijibiwa na Mzee, kwa sauti ya mtu anayetamani aulizwe tena: "Tunakwenda kukata bima ya safari. Tunakwenda likizo, bwana."

Likizo! Nyumbani mwao neno hilo lilikuwa la watoto wa shule. Wao wenyewe, maisha yao yote ya kazi, ndio waliowapeleka wenzao likizo bila kutoka chumbani. Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na ukutani mwake ilining'inia turubai kubwa iliyochorwa ziwa la buluu, gati jeupe la mbao, na nyuma yake mlima wenye theluji kileleni. Mchoraji wa mabango ndiye aliyelinakili ziwa hilo kutoka kwenye kalenda. Mbele yake mji mzima ulipigwa picha. Maharusi walisimama pale, bwana harusi akiwa ndani ya koti la studio ambalo lilikuwa limeoa mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Wachumba walisimama pale, wakajitazama kwenye kioo kilichofungwa kitana kwa kamba kisiibwe. Wengine waliwatumia ndugu zao wa mbali picha hizo na kuandika nyuma, "Tuko mapumzikoni." Na ndugu waliamini, au walijifanya kuamini, maana nao walikuwa na picha kama hizo kabatini.

Wenyewe pia fungate yao ilikuwa hapo hapo. Siku ya pili ya ndoa Mzee alitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia kusimama kando ya mkewe, na walipokuwa wakingoja mlio wake akamnong'oneza, "Hili ziwa lipo kweli. Jina lake liliandikwa chini ya kalenda. Siku moja nitakupeleka." Picha ilitoka mke akiwa amemgeukia mume badala ya kuitazama kamera, na hivyo ndivyo ilivyotundikwa sebuleni mpaka leo.

Ziwa lilikuwa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa kutwa nzima na zaidi kwa basi. Ilichukua miaka arobaini ya ndoa na michango ya watoto wawili waliokwisha kuwa watu wazima kupata nauli, pamoja na chumba cha hoteli chenye dirisha la kutazama maji. Kilichobaki ni bima tu, kwa kuwa nchi ile haimpokei mgeni asiye na bima ya safari.

Wakala alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na meza ndogo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Mzee alijibu. "Tumekuja kukata bima, lakini utueleze polepole. Sisi ni wageni wa mambo haya."

Msichana aliwatazama vizuri, akatabasamu. "Nyie si ndio wa ile studio ya ziwa? Mimi picha yangu ya kutimiza mwaka nilipigwa kwenu. Mama ameitundika mpaka leo."

Bi Penseli aliinama mbele, akamchunguza paji la uso kama mtu anayetafuta nyumba aliyowahi kupanga. "Nakukumbuka. Ulikuja na upele kuanzia hapa mpaka hapa. Mama yako alikuwa analia kabisa, anasema mtoto ataharibu picha. Niliuondoa wote."

Karani wa meza ya pili alicheka waziwazi. Wakala aligusa paji lake, akaona haya, akaingia haraka kwenye maelezo.

"Tuna bima za aina tatu. Ya kwanza ni ndogo: mizigo ikipotea au safari ikiahirishwa, mnalipwa. Ya pili ni hiyo hiyo na matibabu juu yake. Mtu akivunjika mguu kule, akipata homa ya ghafla, analipiwa. Ya tatu ni ya wale ambao tayari wana maradhi. Presha, sukari, moyo, mambo hayo. Mtu akizidiwa kule na ugonjwa aliotoka nao nyumbani, hiyo peke yake ndiyo inayolipa hospitali na kumrudisha kwao. Zile mbili hazimhusu."

"Na bei zake?"

Wakala alibonyeza kikokotoo, akakigeuza kuelekea kwao, akabonyeza tena. Bei ya pili iliwafanya watazamane. Bei ya tatu iliwafanya waache kutazamana.

"Ni kwa sababu ya umri," wakala aliomba radhi. "Lakini ya tatu si lazima, inategemea afya zenu. Kuna yeyote aliyelazwa hospitali mwaka huu au uliopita?"

Mwaka uliopita Mzee Tabasamu alianguka bafuni. Alilazwa, akapigwa picha za kifua ambazo yeye mwenyewe alizikosoa kwamba mwanga haukukaa sawa, na daktari akasema moyo umetanuka. Tangu hapo alikuwa akimeza vidonge asubuhi na jioni, na miguu ilikuwa ikimvimba. Alipouliza habari za safari, daktari alimjibu kwamba anaweza kwenda mradi asijichoshe, na kwamba kama kuna mahali wanapotaka kupaona, wasipaweke kiporo. Hayo yote Bi Penseli aliyasikia kwa masikio yake, akiwa amekaa pembeni na mkoba magotini.

"Hakuna," alisema, akitabasamu.

"Kuna anayetumia dawa za kila siku?"

"Sisi? Duka la dawa tunalijua kwa sababu tuliwapiga picha wenyewe siku walipolifungua."

Walicheka wote. Mzee naye alicheka, mkono wake ukiwa juu ya mfuko wa koti wenye vidonge. Hakupenda kuitwa mgonjwa, na kwa dakika ile ilikuwa raha kukaa mahali ambapo hakuna aliyejua.

Asitokee mtu akamwita mama huyu mwongo. Zamani, kabla ya simu, sura ya mtu ilianza kutoka kwenye filamu, na yeye ndiye aliyekaa dirishani na filamu hiyo juu ya kioo chenye taa, penseli yake imechongwa mpaka imekuwa nyembamba kama sindano, akijaza mikunjo, chunusi na weusi wa chini ya macho, nukta kwa nukta. Hapo ndipo alipopata jina lake, kama mumewe alivyopata lake kwa kuwapigia wateja kelele, "Tabasamu!" Wajane waliokuja na macho ya kulia wiki nzima waliondoka wamepumzika. Hakumwomba mtu ruhusa, na hakuna aliyewahi kurudisha picha akilalamika kwamba amependezeshwa. Sasa mtu alikuwa amemweka mume wake chini ya taa na kuuliza ana kasoro gani. Mkono ukaenda wenyewe.

Wakakata ya pili, wakarudi nyumbani kwa njia ndefu ili wasalimiwe tena.

*

Binti yao alifanya kazi kwenye dirisha la malipo la hospitali, na watu wa kazi hiyo husoma karatasi kabla hawajavua viatu. Jioni alipowaletea begi la kuazima, alikuta hati ya bima imesimamishwa juu ya redio kama kadi ya harusi.

"Mama, mmekata ya pili."

"Imetutosha."

"Hawakuwauliza kuhusu moyo wa baba?"

"Walituuliza."

"Ukajibuje?"

"Vizuri."

Binti alikaa chini, begi bado mkononi. Kaka yake, muuza vipuri vya magari, alikuwa hapo mezani anakunywa chai, funguo za duka mbele yake. Aliona jambo linakuja, akaongeza sukari.

"Mama, sikiliza," binti alisema. "Baba akizidiwa kule, jambo la kwanza watu wa bima watapiga simu hospitali ya huku. Watauliza, huyu mzee mnamjua? Watajibiwa, tunamjua sana. Basi, imekwisha. Hawalipi hata pamba. Watamshikilia wodini mpaka tumalize deni."

"Acha kumtisha mama," kaka mtu alidakia. "Kila mtu anawadanganya watu wa bima. Kwani wao wanatuambia ukweli?"

"Wewe hukai dirishani kwangu. Mimi naona watu wazima wanavua saa. Wanavua pete, wananisukumia chini ya kioo."

"Sasa unataka wachukue ya tatu kwa hela ya nani? Hii likizo nimetoa mimi zaidi yako, na nimefika mwisho. Sina nyingine!"

Aliposema hivyo kila mtu alitazama kikombe chake. Maneno hayo yangeweza kusemwa barabarani, au mlangoni, au kwenye simu, popote pale isipokuwa mbele ya waliozawadiwa. Kijana mwenyewe alilijua hilo mara tu yalipomtoka, na masikio yakamwaka moto. Mzee Tabasamu aliinuka polepole, akashika mgongo wa kiti.

"Mnanijadili kama gari bovu."

"Ungekuwa gari, baba, isingekuwa kazi," kijana alisema, macho chini. "Ningekuletea spea leo hii."

Walicheka, hata binti, lakini kicheko hakikufika mbali. Mzee alikohoa.

"Basi mimi nisiende. Mama yenu aende na dada yake. Bima yao itakuwa ya bei nafuu, wale ni wazima. Mimi ziwa hilo nimelitazama vya kutosha, ninalo hapo ukutani."

Alilisema kwa utani, ila sauti ilimtoka kavu. Bi Penseli alikusanya vikombe vyote, hata vya ambao hawajamaliza, akavipeleka jikoni, kisha akaingia chumba cha giza na kufunga mlango.

*

Chumba cha giza kilikuwa kijichumba kisicho na dirisha, nyuma ya studio, ambamo picha zilikuwa zikisafishwa enzi zile. Siku hizi kilihifadhi ndoo, mwavuli uliovunjika, na masanduku ya picha za watu ambao hawakurudi kuzichukua. Mabeseni bado yalikuwa juu ya meza, na harufu ya dawa za kusafishia picha haikuwahi kutoka.

Mzee aligonga mlango kwa kucha. "Kuna filamu?"

Hivyo ndivyo walivyobisha hodi mlango ule tangu ujana wao, kwa sababu ukiufungua filamu ikiwa wazi, mwanga unaiunguza na harusi ya mtu inapotea. Hakukuwa na filamu humo kwa miaka mingi. Hata hivyo alingoja ajibiwe.

"Hakuna. Ingia."

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na amewasha ile taa nyekundu. Ilikuwa bado inawaka. Mzee alivuta sanduku, akaketi naye, magoti yao yakigusana kama zamani walipokuwa wakingoja sura za wateja zijitokeze kwenye maji.

"Chini ya taa hii hujazeeka hata kidogo," alimwambia.

Bi Penseli hakucheka. "Siku ile ya bafuni sikuita watu mara moja."

"Hukuita?"

"Nilikukuta chini, mdomo wazi, taulo huko. Nikalivuta taulo, nikakufunga vizuri. Nikakupangusa mdomo. Halafu nikatafuta kitana. Nikakuchana nywele. Wewe pumzi hazitoki, na mimi nakuchana nywele, eti majirani wasikukute vile. Ndipo nikapiga kelele."

Mzee alikuwa hajui. Tuseme ukweli, hasira ilimpanda. Mtu akiambiwa kwamba roho yake ilisubiri kitana, ni lazima impande. Alitazama mabeseni makavu kwa muda mrefu. Kisha akakumbuka jambo.

"Ndiyo maana yule muuguzi aliniambia, mzee, wewe umeanguka kinadhifu."

Hapo Bi Penseli akacheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Alilia kama ambavyo hakulia hospitali, wala siku ya daktari, wala siku yoyote ya mwaka ule.

"Hilo la moyo wako, nikilisema kwa mtu nitakuwa nimeliona," alisema. "Nisipolisema, bado uko vile vile."

"Vile vile kwa nani? Mimi nikipanda ngazi za sokoni nalisikia. Nikilala ubavu wa kushoto nalisikia. Nikikugeukia nikuambie, wewe unaanza habari za mapazia. Umenipendezesha, mama watoto, mpaka nimebaki na ugonjwa wangu peke yangu."

Hakulisema kwa ukali, na kwa sababu hiyo lilimchoma zaidi. Bi Penseli alimshika mkono, akaupapasa vidole, kimoja kimoja, vidole vilivyokuwa na madoa ya dawa ambayo hayakutoka hata baada ya kustaafu.

"Ungekubali niende na dada yangu kweli?"

"Wewe ukienda bila mimi, utarudi uniambie lilikuwa zuri hata kama halikuwa."

*

Asubuhi walirudi ofisini wakiwa na viatu vya kila siku, na Mzee hana tai. Kulikuwa na foleni. Walipofika mezani Bi Penseli alikaa ukingoni mwa kiti, akaweka hati mbele ya wakala.

"Nimekuja kubadilisha, mwanangu. Jana nilikupa majibu ya picha. Leo nakupa ya kweli."

"Sijakuelewa, mama."

"Mume wangu moyo wake umetanuka." Sauti ilimtoka juu kuliko alivyokusudia, na foleni nzima ikanyamaza. Aliona wanavyomgeukia Mzee, wanampima kutoka kichwani hadi miguuni. Alijikaza, akaendelea. "Mwaka jana alianguka bafuni, akalazwa. Anameza vidonge kila siku, viko hapo mfukoni mwake. Miguu inamvimba. Viatu hivyo tumemnunulia vikubwa, tukawaambia watu ni mtindo. Ngazi zinamshinda. Usiku analala ameegemea mito kama mgeni aliyekaa sebuleni, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Mimi namsikia, najifanya nimelala."

Mzee Tabasamu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila lililosemwa. Lilipofika la mwisho aliacha kuitikia, akamtazama mkewe. Hilo hakulijua. Alitoa vidonge mfukoni, akaviweka mezani, na nyuma yao mama mmoja akasema, "Pole, baba." Alijibu, "Ahsante," na akashangaa kuona kwamba pole hiyo haikumuua.

Wakala alisogeza kiti karibu, akashusha sauti, kidole chake kikiwa kwenye paji la uso bila mwenyewe kujua. "Mama, hati imeshatoka. Naweza kuiacha kama ilivyo. Mimi sijasikia kitu."

Ulikuwa ni wema, na Bi Penseli aliutambua, kwa sababu ulikuwa wema wake mwenyewe unarudi. Angeweza kuondoka na hati ile, na chumba chenye dirisha la ziwani, na asimpigie mwanawe simu kumwomba nyongeza.

"Mwanangu, wewe upele wako ulipona," alisema. "Baada ya wiki chache ukawa unafanana na picha yako. Huyu hata nimlainishe vipi, hatafanana tena na picha. Andika."

Wakala akaandika. Barua ya daktari ilitakiwa, wakaifuata siku ile ile. Nyongeza ya bei ilitakiwa, na hiyo ndiyo iliyokula hoteli. Mtoto wa kiume hakuambiwa mpaka mambo yalipokwisha. Binti ndiye aliyepiga simu kughairi chumba chenye dirisha, akaongea kwa Kiswahili cha ofisini huku anafuta pua, na akapata kingine kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi ya mabasi, kwa siku nusu ya zile za mwanzo. Hakikuwa na dirisha la maana. Kitanda kilikuwepo, na mito waliahidiwa.

Siku ya kuondoka, kaka mtu alifika stendi na mto wa kiti cha gari, mpya, bado una nailoni. Alimwekea babake mgongoni ndani ya basi, akaubonyeza hapa na pale kama anayefunga injini.

"Spea niliyoipata ni hii, baba," alisema, na akashuka haraka kabla hajaaibika.

*

Ziwa lilikuwepo, ila halikuonekana. Ukungu ulilikalia toka walipofika, mzito, kutoka majini mpaka juu ambako mlima ulitakiwa kuwa. Wenyeji waliwaambia ni majira yake, kana kwamba wangefarijika. Kutoka nyumba ya wageni hadi majini kulikuwa na mteremko, na kurudi kulikuwa ni kupanda, na wao walikwenda kwa vituo, wakikaa kwenye ngazi za nyumba za watu.

"Pumzi?" Bi Penseli alikuwa akiuliza.

"Kidogo."

"Tukae."

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, mbele ya wapita njia, kama mtu anayeuliza saa. Mzee alikuwa hajazoea. Kila alipoulizwa aliona aibu kidogo, na baada ya aibu kupita akajisikia mwepesi, kama mtu aliyepokelewa mzigo upande mmoja.

Asubuhi yao ya mwisho walishuka mpaka kwenye gati. Lilikuwa lile lile la kalenda, isipokuwa mbao zilikuwa za kijivu na mojawapo ilikuwa imepigiliwa bati. Watalii wachache walisimama wamejikunyata wakiupiga picha ukungu. Pembeni alikuwa amekaa mwanamke wa makamo mwenye jaketi la mvua na kamera shingoni.

"Karibuni picha, wazee wangu! Mlima hautoki leo, kesho sijui. Lakini mimi ninao."

Akavuta kamba, na kati ya miti miwili likafunguka bango la plastiki. Ziwa la buluu. Gati jeupe. Mlima wenye theluji kileleni.

Mzee Tabasamu alilitazama bango, akamtazama mkewe, akalitazama tena bango. Kicheko kilianza puani, kikashuka, kikamkunja. Walikuwa wamengoja miaka arobaini, wamevuka mpaka, wamegombana na watoto, wamekosa hoteli, ili waje kusimama mbele ya turubai. Alicheka mpaka akainama na mkono wake ukaenda kifuani, ukabaki hapo. Mpiga picha akaacha kucheka. Watalii wakageuka.

Mwaka uliopita Bi Penseli angemrekebisha kola. Safari hii alimshika mabega yote mawili.

"Ni moyo?"

"Ni kicheko." Alipumua. "Lakini na moyo umo kidogo."

"Tukae chini."

Wakakaa juu ya mbao zile zile, mbele ya watu, yeye akimshika mgongo na kuhesabu pumzi zake kimoyomoyo, bila kuangalia kama nywele zake zimelala vizuri. Ukungu ulipita karibu yao. Baada ya muda Mzee akasema, "Limepita," na mkewe akamwamini, kwa sababu sasa alikuwa na haki ya kuamini. Wakaanza kucheka tena, taratibu.

"Hilo bango likunje, mama," Mzee alimwambia mpiga picha. "La kwetu limechorwa vizuri zaidi. Tupige hapa hapa tulipokaa."

Walipigwa hivyo, wamekaa, weupe mtupu nyuma yao. Mpiga picha aliihamishia picha kwenye simu yake, akaja kuketi katikati yao ili wote waione. Safari hii mume ndiye aliyekuwa amemgeukia mke.

"Sasa nawalainisha kidogo. Bure, kila mtu anapenda." Kidole chake kikateleza juu ya kioo. Mikunjo ya Mzee ikakimbia. Mifuko ya chini ya macho ikanywea, ikatoweka. Miguu iliyovimba ndani ya viatu vikubwa ikawa ya kijana. Kazi ambayo ingemchukua Bi Penseli asubuhi nzima na penseli mbili ilikuwa imekwisha kabla hajafumba macho, na alisogea karibu, akaitazama kwa wivu na heshima ya mtu wa fani.

"Una mkono mzuri," alisema. "Mimi nilikuwa nafanya kazi hii."

"Ahsante, mama. Niitoe hivi?"

Bi Penseli alimtazama yule mzuri aliyekuwa ndani ya simu. Akamtazama wa kwake, aliyekaa kwenye mbao akivuta pumzi kwa mpango, mkono bado uko kifuani.

"Hapana. Irudishe."

"Niirudishe?"

"Yote."

Mpiga picha aliinua mabega, akaanza kurudisha kidole chake nyuma, kidogo kidogo. Mikunjo ikaanza kurudi, mmoja baada ya mwingine, na Bi Penseli akaisimamia kazi kama alivyokuwa akiisimamia dirishani kwake, uso karibu na kioo, kidole hewani.

"Bado," alisema. "Hapo chini ya macho. Amechoka zaidi ya hapo."